Kope za Tammy Faye, na Hesabu Tuliyoacha Kuipiga

Binti wa marehemu kaka yangu alinipigia simu saa nne za usiku, sauti imemkauka kwa kulia. Alikuwa ametoka kutazama ile filamu ya mwaka 2021 juu ya maisha ya Tammy Faye Bakker, iliyompatia Jessica Chastain tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. "Shangazi," akaniambia, "kumbe yule mama wa watu mlimwonea bure! Na wewe ulikuwa huko huko." Nikamjibu kwamba kumwonea tulimwonea, lakini hilo neno "bure" aliondoe. Akakasirika. Tukaagana kwa baridi, jambo ambalo si kawaida yetu.

Nayaandika haya kwa sababu ya simu ile. Nasema, na nitalishikilia hata nikibaki nalo peke yangu: Wamarekani walimcheka Tammy Faye ili wasimhoji, kisha wakampenda ili wasimhoji. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Kwa msomaji asiyemfahamu, nitaeleza kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa International Falls, jimbo la Minnesota, kule kaskazini kabisa kwenye mpaka wa Kanada, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 8, nyumba maskini isiyo na choo cha ndani. Mwaka 1961 aliolewa na Jim Bakker, kijana aliyesoma naye chuo cha Biblia. Wakaanza kuhubiri kwa kuzunguka makanisani, yeye akiwachezea watoto vikaragosi. Televisheni ikawachukua, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa Charlotte, jimbo la North Carolina, na kipindi chao wenyewe kilichoitwa PTL, yaani Msifuni Bwana. Bwana alihubiri na kuomba fedha. Bibi aliimba, akacheka, akalia. Kulia kwake kulijulikana nchi nzima, maana alijipaka wanja mzito na kubandika kope za bandia, na machozi yakianza uso wote ulikuwa mistari myeusi.

Mimi niliingia Charlotte mwaka 1986 kusomea uhasibu. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi mwaka 1994. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa biashara kutoka Bukoba, na sijawahi kuishi na chombo hicho nyumba moja. Mama mwenye nyumba niliyepanga kwake alikuwa mjane, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha nguo, mcha Mungu, na televisheni yake haikuzimwa tangu asubuhi. Kwa hiyo watu wa kwanza niliowazoea Marekani, ukimwondoa yeye, walikuwa Jim na Tammy Faye. Nilikunywa nao chai kila siku kabla ya kwenda darasani.

Bibi huyo (ndivyo nilivyomwita, naye aliniita mwanangu) alikuwa mshirika wa maisha. Msamiati huo sharti niufafanue, kwa sababu kesi yote imo ndani yake. Karibu na Charlotte, ukivuka tu mpaka wa South Carolina, akina Bakker walijenga mahali palipoitwa Heritage USA, mji mzima wa mapumziko ya Kikristo, wenye hoteli, maduka, kumbi za ibada na bustani ya maji ya kuogelea. Mwaka 1986 ilisemekana walifika wageni karibu milioni 6. Kuanzia mwaka 1984 mtazamaji aliyetoa dola 1,000 mara moja aliahidiwa kulala katika hoteli ile usiku 3 kila mwaka, bila malipo, maisha yake yote. Bibi alitoa dola zake 1,000. Alikuwa amezitunza kwa ajili ya kuezeka upya paa la nyumba. Najua kuhusu paa kwa sababu chumba changu ndicho kilichovuja.

Alinipeleka mara moja, mwishoni mwa mwaka ule wa 1986. Sitasahau taa. Palikuwa na taa za Krismasi kwa maelfu, barabara nzima, na watu wazima wakitembea polepole midomo wazi kama watoto. Bibi alinishika mkono akaniambia hapo ndipo atakapokuwa akiwaleta wajukuu zake kila mwaka hata atakapokuwa hawezi kuendesha gari. Sikuona kitu cha kucheka siku ile. Nilimwonea wivu mtu anayejua mahali atakapopumzika uzeeni.

Mwezi Machi 1987 Jim Bakker alijiuzulu. Ilikuwa imejulikana kwamba zaidi ya robo milioni ya dola zilikuwa zimetengwa kumnyamazisha Jessica Hahn, karani wa kanisa, kuhusu tukio la mwaka 1980 katika chumba cha hoteli huko Florida. Mwanamke yule alisema hakuridhia. Bakker alisema aliridhia. Huduma ikakabidhiwa kwa Jerry Falwell, mhubiri mwingine wa televisheni, ambaye katika mwezi wa Septemba alitimiza ahadi aliyowapa wachangiaji kwa kuteleza kwenye mtelezo wa bwawa la kuogelea akiwa amevaa suti na tai. Nchi nzima ilitazama. Waliopaswa kuuliza maswali walikuwa wakitazama mtelezo.

Na kicheko kikubwa kuliko vyote kilimwangukia Tammy Faye. Wachekeshaji wa televisheni hawakulala bila kumtaja. Madukani ziliuzwa fulana zenye madoa makubwa ya rangi kifuani, na maandishi ya kusema mvaaji amegongana na Tammy Faye. Mume ndiye aliyeongoza shirika na kuahidi vyumba kwenye kamera. Lakini picha iliyochorwa ilikuwa ya mke, na si mke mzima, bali kope mbili.

Sasa naja kwenye habari yangu mwenyewe. Wanafunzi wa kigeni tulikuwa na tafrija mwishoni mwa muhula, kila mmoja aonyeshe kitu. Wenzangu walicheza ngoma za kwao. Mimi nikajipaka wanja mpaka kwenye mashavu, nikaweka wigi, nikashika kitambaa, nikaigiza Tammy Faye akiomba fedha huku akilia. Nilijimwagia maji usoni wanja ukachuruzika. Watu walianguka chini kwa kucheka. Sijawahi kushangiliwa namna ile, wala kabla wala baada. Nilirudi nyumbani bila kunawa, nikiwa bado na furaha, nikamkuta Bibi jikoni.

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Alinipa taulo, akasema: "Mwanangu, mimi sikumpa dola zangu 1,000 kwa sababu ya kope zake." Akaenda kulala. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na nakiri kwamba nilifikiri ameshindwa kuelewa mzaha.

Aliyeshindwa kuelewa ni mimi. Nilikuwa nasomea uhasibu! Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1989 nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, nikasoma takwimu kwenye gazeti kuukuu lililofika Bukoba likiwa limefungiwa vitu, nikaona aibu ya taaluma. Kwa hoteli ile kubwa, Bakker alikuwa ametangaza kwamba nafasi za washirika ni 25,000 basi. Aliuza zaidi ya 66,000. Hoteli ilikuwa na vyumba 500 hivi. Chukua kalamu: watu 66,000 kwa usiku 3 ni vyumba 198,000 vya usiku mmoja kwa mwaka. Vyumba 500 kwa siku 365 ni 182,500. Hata kama hoteli isingempokea mgeni hata mmoja wa kulipa, hata kama isingefungwa siku moja kwa ukarabati, haiwezekani. Na hiyo ni hoteli moja. Ziliuzwa nafasi nyingine kwa maelfu katika jengo la pili la ghorofa 21, ambalo halikumalizika na lilibaki gofu kwa miaka zaidi ya 30. Kwa jumla zilikusanywa dola zipatazo milioni 158 kutoka kwa watu wapatao 153,000.

Hiyo si hesabu ya chuo kikuu. Ni ya darasa la sita. Ningeweza kuipiga mezani kwa Bibi mwaka 1986, juu ya bahasha, wakati chai inapoa. Badala yake nilijifunza kuiga sauti ya kilio.

Wako walioipiga, na haki itendeke. Gazeti la mji ule, Charlotte Observer, lilikuwa likifuatilia fedha za PTL kwa miaka mingi, likatukanwa madhabahuni na wasomaji wake wenyewe, na mwaka 1988 likapewa tuzo ya Pulitzer kwa utumishi wa umma. Mahakama nayo ilimtia Jim Bakker hatiani kwa makosa 24 ya ulaghai na kula njama, ikampa kifungo cha miaka 45. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa iliifuta adhabu hiyo kwa sababu hakimu aliingiza hisia zake za dini katika hukumu. Hatia ilibaki, adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1994 mtu alikuwa nje. Lakini mwulize Mmarekani yeyote wa rika langu anakumbuka nini juu ya PTL. Atakutajia kope. Labda atakutajia kibanda cha mbwa chenye kiyoyozi. Hatakutajia 66,000.

Hapo ndipo ninapotofautiana na binti wa kaka yangu, na pia na wale wa zamani waliocheka pamoja nami. Wao wanadhani dhihaka ni adhabu, tofauti ni kwamba sisi tuliona imestahili na yeye anaona haikustahili. Mimi nasema dhihaka haikuwa adhabu hata kidogo. Adhabu huja baada ya swali. Tammy Faye alikuwa mjumbe wa bodi ya shirika lile. Alipokea mshahara na bahasha za shukrani. Alikaa kwenye kamera kando ya mumewe siku ahadi zile zilipotolewa. Hakushtakiwa, na huenda kweli hakujua hesabu. Wake wengi hawaonyeshwi daftari. Lakini swali jepesi, "Mama, ulijua vyumba ni vingapi?", lilizama chini ya vicheko. Mwenye kuchekwa kwa wanja wake ana haki ya kulia kwa ajili ya wanja wake, na kulia alikujua. Mwaka ule ule wa 1987 walihojiwa pamoja usiku na Ted Koppel, mwandishi mkali, mamilioni wakitazama, na kesho yake nilisikia watu basini wakizungumzia sura yake tu.

Maisha yake baada ya hapo nayajua kama kila mtu anavyoyajua, na sitaki kuyapitia kwa furaha. Alimtaliki Bakker mwaka 1992 akiwa gerezani. Mwaka 1993 aliolewa na Roe Messner, mkandarasi aliyejenga sehemu kubwa ya Heritage USA. Naye Messner mwaka 1996 akapewa kifungo kwa ulaghai katika shauri la kufilisika. Mwanamke mmoja, waume wawili, magereza mawili. Mwaka huo huo akagundulika ana kansa ya utumbo. Alijaribu vipindi vipya vya televisheni, vingine vya kumfanya kichekesho kwa hiari yake. Wapiga picha walipomtaka aondoe kope na rangi, alikataa, akasema ndiyo alama yake. Hapo namheshimu. Tulizifanya kope zile kuwa mashtaka, naye akazivaa mpaka mwisho. Julai 2007 alihojiwa na Larry King, kansa imemla akabaki na uzito wa kilo 30 hivi, anakula kwa shida, na uso umepakwa rangi kama kawaida. Kipindi kilirushwa tarehe 19. Alfajiri ya tarehe 20 akafariki, umri miaka 65.

Na kuna jambo moja la kwake ambalo halikupakwa rangi. Mwaka 1985, kwenye televisheni ya PTL, alimhoji kwa njia ya setilaiti Steve Pieters, mchungaji shoga aliyekuwa na UKIMWI. Nilikuja kuyaona mahojiano hayo miaka mingi baadaye. Analia, bila shaka analia, na anawaambia Wakristo wenzake kwamba ni aibu waogope kumkumbatia mgonjwa. Mimi natoka Kagera, ndugu msomaji. Wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo Tanzania walitambuliwa kwetu mwaka 1983. Najua mwaka 1985 watu wa kanisa walikuwa wakifanya nini. Najua vikombe vilivyotengwa kando. Baba wa binti huyu anayenikasirikia alifariki mwaka 1989, na kwenye msiba wake wazee wa usharika walisimama mbali na jeneza. Ningetoa kitu gani siku ile kupata hata mmoja wa kuja kulia na wanja wake wote mbele ya watu! Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sioni wema wa Tammy Faye. Nauona kuliko wengi wa wanaomsifu leo.

Lakini wema huo haulipi deni la chumba. Hapa ndipo filamu inaponiudhi, na ile ya uchunguzi ya mwaka 2000 iliyotangulia pia. Zote mbili zinataka nimlilie, na nimemlilia, sina jiwe moyoni. Kinachonikera ni kwamba nikishamaliza kulia naonekana nimetimiza wajibu. Sisi tuliomcheka tunatubu, yeye anasamehe, muziki unapanda. Bibi yangu wa Charlotte hayumo. Hakuwamo katika kicheko, hayumo katika kilio. Wale 153,000 wanapita kama umati nyuma ya waigizaji, wanyonge wasio na majina ambao kazi yao ni kupiga makofi.

Na kwa sababu deni halikukaa katika kumbukumbu ya watu, mwenye deni aliweza kurudi. Bakker aliandika mwaka 1996 kitabu ambacho jina lake kwa lugha yetu ni sawa na kusema "Nilikosea". Mwaka 2003 alikuwa kwenye televisheni tena, jimbo la Missouri, akiuza ndoo za chakula cha akiba kwa ajili ya siku za mwisho. Mwaka 2020, janga la korona lilipoingia, kipindi chake kiliuza dawa ya maji ya madini ya fedha, na mgeni wake akadokeza kwamba inashinda virusi. Mwanasheria mkuu wa Missouri akamshtaki. Mwaka 2021 wakamaliza kwa mapatano ya kurudisha dola 156,000 kwa wanunuzi, bila yeye kukiri kosa. Watazamaji waliotuma fedha safari hii hawakuwa wajinga kuliko Bibi. Walikuwa wameambiwa kwa miaka 30 kwamba kashfa ile ilihusu uzinzi na vipodozi, mambo ambayo Mkristo husamehe.

Nasikia nikiambiwa nina moyo mgumu, kwamba marehemu hahojiwi. Sawa. Namwacha. Wanaonihusu ni walio hai, na kwetu sasa televisheni zimejaa, wahubiri ni wengi, na kila mmoja ana vituko vyake ambavyo vijana huvisambaza kwa simu kwa kicheko: suti yake, gari lake, Kiingereza chake, nywele za mkewe. Binti wa kaka yangu mwenyewe hunitumia. Namjibu kila mara kwa swali moja, akatoa wangapi, wakaahidiwa nini, naye hunijibu, "Shangazi, huna utani."

Bibi alifariki mwaka 1999. Aliwahi kulala katika hoteli ile safari moja tu, ile niliyokwenda naye. Paa liliezekwa na mkwewe kwa mkopo. Mwaka 2003 fidia ya washirika wa zamani iligawanywa, na binti yake akanisomea hundi kwa simu, imeandikwa jina la mama yake. Ilikuwa ya dola 6.54. Aliniuliza, mimi mhasibu, aifanyie nini.